Busaa Iliyoharibika: Kusoma Dalili na Kutafuta Chanzo

Busaa, pombe ya kienyeji ya mahindi na wimbi, ikiharibika, lawama ya kwanza huangukia pipa: ama halikuoshwa vizuri, ama lilifunuliwa mapema, ama mtu mwenye mkono mbaya alilichungulia. Pipa lina makosa yake, na tutayafikia, lakini kasoro nyingi zinazoonekana siku ya kuchuja huwa zilizaliwa siku kadhaa nyuma, wakati wimbi ulipokuwa ukioteshwa au donge lilipokuwa likikaangwa. Kwa hiyo anayetaka kutibu busaa yake hana budi kurudi nyuma hatua moja moja hadi afike mahali ambapo mambo yalianza kwenda kombo, badala ya kuongeza sukari na kuomba heri.

Tukubaliane kwanza juu ya hatua zenyewe, kwa kuwa kila boma lina mtindo wake, kuanzia Busia na Bungoma hadi mitaa ya Nakuru ambako watu wa magharibi wamehamia na ujuzi wao. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji uwe donge gumu, kisha hufunikwa na kuachwa uchache kwa siku mbili hadi nne. Donge hilo hukaangwa juu ya karai au bati pana mpaka liwe chenga za rangi ya kahawia. Kando, wimbi hulowekwa, huoteshwa, hukaushwa na kusagwa uwe kimea. Chenga na kimea huchanganywa na maji, mchanganyiko ukachacha kwa siku mbili hadi nne kulingana na joto la mahali, kisha huchujwa. Kipimo ninachokitumia nyumbani ni kilo 4 za unga wa mahindi, kilo 1 ya kimea na lita 12 za maji, na mara nyingine hadi lita 15 ikiwa wanywaji wanapenda nyepesi.

Ndani ya pipa kuna kazi tatu zinazoendelea kwa pamoja. Vimeng'enya vya kimea hugeuza wanga kuwa sukari, hamira iliyokuja na kimea hicho hicho hugeuza sukari kuwa kileo na gesi, na bakteria wa asidi ya laktiki, wa jamii moja na wale wanaogandisha mursik (maziwa ya mgando ya Wakalenjin), huleta uchachu unaoikinga pombe dhidi ya vijidudu vibaya. Karibu kila dalili iliyoelezwa hapa chini ni ishara kwamba mojawapo ya kazi hizo imekwama au imezidi nyingine.

Pipa limekaa siku nzima bila povu

Anza na joto. Hamira hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 25 na 30 za Selsiasi, na chini ya nyuzi 15 huzubaa. Kisumu, iliyo katika kimo cha zaidi kidogo ya mita 1,100, humpa mtengenezaji joto hilo bila gharama, ilhali Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi, na usiku wa Julai huko unaweza kulifanya pipa liwe baridi kama jiwe la kisimani. Mtu aliyejifunza kazi hii kwa shangazi yake Kisumu akahamia Nakuru na ratiba ile ile, atadhani kimea kimekufa kumbe kimelala tu. Sogeza pipa jikoni karibu na meko, lizungushie magunia makavu au blanketi, uliinue kutoka kwenye sakafu ya saruji kwa vipande vya mbao, kisha ulipatie siku moja zaidi kabla ya kuamua lolote. Jambo hili lina uzito wa pekee katika msimu wa tohara ya Wabukusu, ambao huangukia Agosti katika miaka inayogawika kwa mbili, kwa kuwa hapo baridi bado ipo na tarehe ya sherehe haiahirishwi kwa ajili ya pipa. Anayetengenezea mahali pa baridi aanze siku mbili mapema.

Ikiwa mahali ni pa joto na bado pipa limenyamaza, jiulize kama kimea kilitiwa maji yakiwa moto mno. Hamira hufa katika joto linalozidi nyuzi 50 na kitu, na wapo wanaomimina maji yanayochemka moja kwa moja juu ya chenga na kimea ili kuharakisha kazi. Dawa yake ni rahisi: mchanganyiko ukishapoa kiasi cha uvuguvugu wa mwili, ongeza konzi mbili au tatu za kimea kibichi, yaani kisichopikwa, au bakuli la busaa changa kutoka kwa jirani unayemwamini kwa usafi, kisha ukoroge. Povu linapaswa kuonekana kabla ya siku kwisha.

Sababu ya tatu ni kimea chenyewe kuwa kibovu, na hiyo inastahili sehemu yake.

Busaa ni nzito kama uji, ina utamu wa unga, na haina nguvu

Dalili hii husomwa vibaya mara nyingi. Watu husema busaa haijaiva na kuiacha siku mbili zaidi, nayo inazidi kuwa kali bila kupata kileo. Ukweli ni kwamba wanga haukugeuzwa kuwa sukari ya kutosha, na hamira haiwezi kula wanga mtupu. Ama kimea kilikuwa kidogo, ama kilikuwa dhaifu, ama wanga wenyewe haukupikwa vizuri kwenye bati.

Kupima nguvu ya kimea hakuhitaji maabara. Pika uji mzito wa mahindi katika sufuria ndogo, uzito wa kusimamisha mwiko. Uache upoe hadi uweze kuvumilia kidole ndani yake ingawa bado ni moto. Tia kijiko kimoja cha chakula cha kimea kilichosagwa kwa kila bakuli la uji, koroga, ufunike. Kimea chenye nguvu huulegeza uji huo ndani ya robo saa: mwiko ulioshikwa na uji mzito huanza kuzunguka bila kazi, kisha uji hudondoka kutoka kwenye mwiko kama maziwa, na ukiuonja utakuta utamu ambao haukuwepo. Baada ya nusu saa, uji ambao bado umekaza unakwambia wazi kwamba kimea hicho hakifai kutiwa pipani, hata kama kilinunuliwa kwa bei nzuri sokoni. Akina mama wengi wanaijua mbinu hii kwa sababu hulegeza uji wa mtoto kwa njia hiyo hiyo, na ninashangaa kwamba haitumiwi zaidi na watengenezaji wa pombe.

Kimea hudhoofika kwa njia kadhaa. Ya kwanza ni mbegu iliyokufa, kwa mfano wimbi uliokaa ghalani kwa miaka au uliokaushwa kwa moto. Kabla ya kuloweka debe zima, hesabu punje 100, uzifunge katika kitambaa kibichi, na uzikague baada ya siku tatu. Zikiota 90 na zaidi, endelea bila wasiwasi. Zikiota chini ya 80, upike uji kwa wimbi huo na utafute mwingine wa pombe. Mbegu za kupanda zilizopakwa dawa ya rangi hazitumiki kwa kimea kamwe, hata zikioshwa mara saba.

Njia ya pili ni kuoteshwa nusu nusu. Punje zilowekwe kwa siku moja, maji yakibadilishwa angalau mara moja, kisha zitandazwe kwa unene wa vidole viwili hadi vitatu juu ya gunia safi au majani ya mgomba, zifunikwe, zinyunyiziwe maji asubuhi na jioni, na zigeuzwe kila mara unaponyunyiza. Katika joto la Kisumu siku tatu hutosha, na Nakuru mara nyingi huhitaji nne au tano. Anayekatiza mapema akiona ncha nyeupe tu anakosa vimeng'enya ambavyo vilikuwa bado vinajengeka, na anayeacha hadi majani yawe ya kijani amekwisha kupoteza wanga ambao mmea umejilisha.

Njia ya tatu, na kwa maoni yangu ndiyo inayoharibu kimea kingi zaidi wakati wa mvua, ni kukausha juu ya moto. Kimea kikiwa bado kibichi, joto kali huviua vimeng'enya kwa haraka, ilhali kikishakauka huvumilia zaidi. Jua la siku mbili au tatu juu ya turubali, kikitandazwa chembamba, ndilo bora. Mvua ikikataa kuacha, kitandaze ndani ya nyumba yenye hewa inayopita, mbali na meko, na ukubali kwamba kitachelewa.

Ikiwa kimea kimefaulu jaribio la uji na busaa bado ni nzito, chunguza chenga. Chukua moja kubwa uivunje kwa vidole. Ndani inapaswa kuwa na rangi moja, ngumu kiasi na yenye kung'aa kidogo. Ukikuta kiini cheupe kinachosagika kama chaki, basi donge lilikaangwa nje tu na wanga wa ndani ni mbichi, na kimea hakiwezi kuupenya. Kinga yake ni kuvunjavunja donge liwe vipande vidogo kabla halijafika kwenye bati, kukaanga kidogo kidogo kwa moto wa wastani, na kugeuza bila kupumzika.

Pipa ambalo tayari limekuwa zito linaweza kusaidiwa kwa kuongeza robo kilo ya kimea kilichopimwa kwa kila lita kumi. Kwa mara inayofuata, hasa katika miezi ya baridi, ninapendekeza njia ya maji moto, ambayo huongeza saa chache lakini hutoa sukari nyingi zaidi. Maji huchemka Nakuru karibu na nyuzi 94 na Kisumu karibu na 96. Changanya lita 8 za maji yanayochemka na lita 4 za maji ya kawaida, utapata joto la nyuzi 70 hivi. Tia chenga zote na theluthi mbili za kimea, na joto litashuka hadi kati ya nyuzi 60 na 65, ambapo vimeng'enya hufanya kazi kwa kasi. Funika kwa magunia kwa muda wa saa moja, acha ipoe hadi uvuguvugu, kisha tia theluthi iliyobaki, ambayo ndiyo inayobeba hamira hai. Anayesahau theluthi hiyo atarudi kwenye tatizo la kwanza la pipa lisilo na povu.

Neno moja kuhusu mtama, kwa kuwa wengi huutumia wimbi ukipanda bei. Kimea cha mtama kinafaa, lakini machipukizi na mizizi ya mtama ina kitu kinachoweza kutoa sumu ya sianidi. Kikaushe kabisa, ukifikiche kwa mikono, na upepete mizizi na machipukizi yote kabla ya kupeleka posho mill.

Busaa imekuwa siki

Uchachu ni sehemu ya busaa. Uchachu unaokubalika husikika ulimini, ni mpole na hauchomi pua. Uchachu wa siki huchoma pua kabla kikombe hakijafika mdomoni, nao huletwa na bakteria wanaohitaji hewa ili kugeuza kileo kuwa asidi ya siki. Kwa hiyo uliza hewa iliingia wapi. Pipa lililojazwa nusu lina nafasi kubwa ya hewa juu yake, na pipa linalofunuliwa kila mgeni anapotaka kuona huingiza hewa mpya pamoja na inzi, ambao hubeba bakteria hao miguuni. Tumia chombo kinachokaribiana na kiasi cha pombe, kifunike kwa kitambaa safi kilichofungwa kwa kamba, na mkorogo uwe mara moja tu kwa siku.

Siki pia hutokana na kuchelewa. Katika joto la Kisumu, busaa ambayo Nakuru ingechukua siku nne huwa tayari kwa siku mbili, na siku ya tatu ni ya kuiharibu. Hesabu ya siku isikutawale: onja. Utamu ukishapungua, povu likianza kutulia na chenga zikianza kuzama, chuja. Busaa iliyokwisha kuwa siki hairudi, na kuongeza sukari huificha ladha hiyo kwa saa chache tu.

Chungu cha udongo kina tatizo lake, kwani vinyweleo vyake huhifadhi vijidudu vya safari iliyopita, wazuri na wabaya kwa pamoja. Chungu kilichowahi kutoa siki kisuguliwe kwa maji ya moto bila sabuni, kikaushwe juani kwa siku kadhaa, kisha kifukizwe moshi. Kikitoa siki tena baada ya hapo, kipewe kazi nyingine. Ndoo ya plastiki iliyokwaruzwa ndani haina dawa.

Harufu zisizo za kawaida

Harufu ya siagi iliyooza au ya matapishi hutoka kwenye donge la mwanzo. Donge hilo huachwa lichache ili asidi ya laktiki iwatangulie bakteria wengine. Likiwa legelege mno, au likikandwa katika chombo kichafu, au likikaa mahali pa baridi ambapo uchachu unachelewa, bakteria waozeshaji hupata nafasi. Nusa donge kabla ya kukaanga: linapaswa kunukia kama uji uliochacha. Likinuka vibaya, litupe hapo hapo, kwa kuwa ni unga tu uliopotea, wakati ukiendelea utapoteza na kuni, kimea na siku nne.

Harufu ya rangi ya kucha au gundi huashiria joto kupita kiasi pamoja na hewa nyingi. Harufu ya dawa ya hospitali hutokana na klorini ya maji ya mfereji. Yateke jioni, uyaache wazi katika ndoo pana hadi asubuhi, au uyachemshe. Maji ya mvua yaliyotekwa vizuri ni bora kuliko yote, na kwa watu wa Nakuru yana faida nyingine, kwa sababu visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi inayozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha hakuiondoi.

Ladha chungu au ya chuma

Uchungu wa makaa ni chenga zilizoungua. Chache zinaweza kuchaguliwa kwa mkono, lakini zikiwa nyingi hakuna tiba. Ladha ya chuma au ya sarafu ni jambo zito zaidi. Busaa ina asidi, na asidi hula madini ya chombo. Usichachushie katika pipa la bati lenye zinki wala chombo cha shaba, na usitumie kamwe pipa lililobeba mafuta, rangi au dawa za shamba, hata kama aliyeliuza anaapa kwamba limeoshwa. Vivyo hivyo kwa magunia ya kuchujia: gunia la mbolea halisafishiki kwa kiasi cha kukuridhisha. Sufuria ya alumini inafaa kuchemshia maji, si kuhifadhia pombe usiku kucha.

Utando na ukungu

Utando mweupe, mwembamba, uliokunjamana juu ya pipa hutokana na aina za hamira zinazopenda hewa. Uondoe kwa kijiko safi, onja, na uchuje siku hiyo hiyo. Manyoya ya kijani, meusi, ya njano au ya waridi ni ukungu, na pipa zima humwagwa.

Ukungu juu ya wimbi unaoota au juu ya mahindi ni hatari kubwa kuliko ule wa pipani, kwa sababu unaweza kutoa sumukuvu. Sumu hiyo haiondolewi na kuchacha, kukaanga wala kuchemsha kwa kadiri ya kuaminika. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua zaidi ya watu 100 katika maeneo ya Makueni na Kitui, na mahindi hayo yalikuwa chakula cha kawaida cha nyumbani. Desturi ya kusema kwamba mahindi yaliyoharibika yatafaa kwa busaa inapaswa kuachwa kabisa. Nunua mahindi makavu, yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, na uyachague kwa mkono kabla ya kusaga. Kimea kikianza kunuka ukungu kikiwa bado kwenye majani ya mgomba, kilikuwa kimetandazwa kwa unene mno au hakikugeuzwa, nacho hakiokolewi kwa kuoshwa.

Wanywaji wanalalamika kichwa

Busaa ya kawaida ina kileo cha asilimia 2 hadi 4 hivi, na kichwa cha asubuhi mara nyingi hutokana na wingi wa vikombe, kukosa maji na kuinywa ikiwa bado inachacha kwa joto kali. Wengi huogopa methanoli, kileo chenye sumu. Nafaka zikichacha hazizalishi methanoli ya kiasi cha kudhuru. Vifo vinavyotangazwa, kama vile vya Mei 2014 vilivyowakumba makumi ya watu katika Embu, Kiambu na kaunti nyingine, hutokana na methanoli ya viwandani iliyotiwa na watu. Kwa hiyo mtu asikushawishi kuongeza spiriti, vidonge au kitu chochote kisichotoka shambani ili busaa ipate nguvu. Nguvu hutafutwa katika kimea, kama ilivyoelezwa. Mnywaji akiona giza au ukungu machoni baada ya kunywa pombe yoyote, apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri kupambazuke.

Ilikuwa nzuri ilipochujwa, kesho yake imebadilika

Hapa hakuna kosa. Busaa iliyochujwa bado ni hai na huendelea kuchacha, kwa hiyo ubora wake hudumu siku moja, au mbili mahali pa baridi. Igawe katika vyombo vidogo vilivyojaa, uviweke kivulini ndani ya beseni la maji, na uvifungue kimoja kimoja badala ya kuchota kutoka chombo kimoja kikubwa siku nzima. Usiifunge kabisa katika chupa za kioo, kwa kuwa gesi huzipasua. Anayetaka ikae zaidi anaweza kuipasha hadi nyuzi 70 kwa robo saa, ingawa itapoteza mchemko wake na ladha itakuwa butu. Na anayekusudia kuiuza aanzie katika afisi ya leseni za vileo ya kaunti yake kabla ya kuloweka wimbi, kwa kuwa Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inadai leseni kwa utengenezaji na uuzaji.